Majibu Kuhusu Kisu cha Kukunja

S.L.P. 31,
Mutomo, Kitui.
18 Novemba 1984

Shemeji mpendwa Waithaka,

Pokea salamu nyingi wewe na dada yangu Syokau, pamoja na watoto hapo Eldoret. Mko salama? Kifua cha Irungu kimepata nafuu na hiyo baridi yenu? Sisi tu wazima, Mungu ametuhurumia. Mvua imenyesha, na kunde zimeota hata pale mlangoni ambapo hakuna mtu alipanda. Bado tunakula yale mahindi ya manjano ya msaada, lakini sasa tunayala tukiangalia shamba la kijani, na hiyo inasaidia kumeza.

Kisu ulichompa Nzioka dereva kilinifikia vizuri. Ulisema nisikisifie bure, nikijaribu kwa kazi yangu ya kuchonga, halafu nikueleze kama makali yanakaa, maana unataka kuagiza vingi uwauzie wachongaji wa huku. Nimechelewa kujibu na sababu utaiona.

Nilianza na mukau, mti wetu ambao si mgumu sana. Nilichonga miiko nikikilinganisha na kisu changu cha siku zote, kile Mbuvi mhunzi alinifulia kutoka kwa springi ya lori. Changu kilitaka jiwe kabla ya chai ya saa nne. Chako kiliendelea mpaka nikaenda kula, na nilipokijaribu kwenye mkono, bado kilinyoa vinyweleo vyote. Kesho yake nikakipeleka kwa mpingo. Hata huko kilivumilia, kikaanza kuteleza jioni tu, na nilipokipitisha kwenye jiwe kidogo kikarudi. Kwa upande wa makali, shemeji, mimi sijawahi kushika kisu kama hicho.

Sasa nikueleze yaliyonipata. Nilikuwa na oda ya twiga, na lori la chama chetu cha wachongaji lilikuwa lije kuwachukua Jumamosi. Mwaka huu wa njaa, oda hiyo ndiyo ilikuwa shamba letu. Siku ya Jumatano nilikuwa nachonga katikati ya miguu ya twiga mmoja, nikisukuma ncha ya kisu ndani. Ncha ikanasa. Nikasukuma kwa nguvu, na kisu kikajikunja juu ya kidole changu. Kikishafunguka hakina kitu cha kukifunga kisirudi, ni springi ndogo tu inakishikilia. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikatika mpaka nikaona mfupa.

Ndululu, mke wangu, alikifunga na leso yake tukaenda hospitali ya misheni kwa miguu. Wakanishona. Muuguzi aliniambia, “Mkono huu usishike kazi mpaka nitoe nyuzi.” Nilimweleza habari ya lori. Akasema lori halina kidole cha kushonwa.

Tulirudi nyumbani. Twiga walikuwa wamepangwa kando ya ukuta, wengine hawana masikio, wengine miguu bado imeshikana. Nilikaa nikawaangalia tu. Nilifikiria kuomba msaada kwa majirani, lakini kila mchongaji alikuwa anakimbizana na oda yake.

Asubuhi nilipotoka nje nilimkuta Ndululu amekalia kigoda changu, kisu chako mkononi. Alikuwa amekizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli pale kinapojikunjia, akaukaza sana, na sasa alikuwa anachonga masikio ya twiga.

“Ulijifunza wapi?” nikamuuliza.

“Nimekaa kando yako miaka hii yote nikipiga msasa,” akasema. “Ulifikiri naangalia nini?”

Baba yangu unamjua. Kwa Mzee Kilonzo kuchonga ni kazi ya wanaume, na mwanamke ni wa kupiga msasa na kupaka rangi. Alipokuja na kumwona, alisimama na fimbo yake, akaongea na mimi, si na yeye.

“Musembi, tangu lini mke wa mtu akachonga katika boma hili?”

Ndululu hakuinua macho, kama inavyotakiwa mbele ya baba mkwe. Akaniambia polepole, “Mwambie baba lori linakuja Jumamosi.”

Nikamwambia. Baba akajibu kwamba amesikia, yeye si kiziwi.

Nilijua ugomvi unakuja, na kusema kweli sikuwa nimeamua nitasimama upande gani. Lakini baba hakuondoka. Aliketi juu ya gogo, akamwangalia muda mrefu. Kisu kilikuwa kinaingia vizuri na maranda yalikuwa yanatoka membamba. Halafu akasema, na safari hii hakupitia kwangu:

“Mama Kalunde, usivute kisu kukielekeza kwako. Geuza twiga, mkono ubaki pale pale.”

Ndululu akageuza twiga.

Basi ikawa hivyo mpaka Ijumaa jioni. Baba akielekeza, yeye akichonga, na binti yetu Kalunde akipiga msasa. Mimi kazi yangu ilikuwa kunoa kwa mkono wa kushoto, na hata hiyo haikuwa nyingi. Mkaguzi wa chama alichukua twiga wote isipokuwa mmoja aliyevunjika sikio. Aliuliza tu mbona shingo za safari hii zimegeuka kidogo, kama wanasikiliza kitu. Nikamwambia ni mkono mwingine. Akasema huo mkono uendelee.

Kwa hivyo jibu langu ni hili: chuma ni kizuri, lakini usiwauzie wachongaji kisu hicho. Mtu aliye na haraka ya lori atapoteza kidole, na mimi siwezi kumshauri jirani anunue kitu kilichonikata. Najua ulikuwa na matumaini na biashara hii, na pole. Kama hao wanaokuletea visu wanaweza kupata chuma hicho hicho bila kukunja, au chenye kufuli ya kukizuia, leta, nitakutafutia wanunuzi mwenyewe.

Kidole kimepona ila hakikunjiki vizuri. Shoka na tezo nashika, kazi ndogo ndogo siwezi. Mimi nakata umbo, Ndululu anamalizia, na kisu sasa ni chake.

Wiki iliyopita mtu alifika kutoka Kitui mjini akitafuta mchongaji. Alimkuta baba njiani, akamuuliza kama hapa kwetu kuna mmoja. Baba alimwambia, “Wako wawili.” Kisha akamleta mpaka kwa kigoda cha Ndululu.

Msalimie sana dada Syokau, mbusu Kagure, na mwambie Irungu avae sweta. Baba na Ndululu wanawasalimu. Mungu awalinde mkilala na mkiamka, na mikono yenu isikose kazi.

Ni mimi shemeji yako akupendaye,
Musembi Kilonzo