Mama Hakuwa Mlevi

Mkonze,
Dodoma.
9 Machi 2025

Mpendwa kaka Yotham,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu mama alitulea hivyo: hata mwenye ugomvi na mkubwa wake humwamkia kwanza, ugomvi ukafuata. Basi nimekuamkia. Hujambo? Wifi Angelina hajambo? Watoto wanaendeleaje, na mpunga wa huko Mpanda umekubali mwaka huu? Sisi huku mvua ilikatika Januari, ikarudi imechelewa, lakini uwele umesimama. Makutupora wanavuna zabibu. Mdogo wetu Anna anakusalimu. Bado anakaa Kikuyu ya hapahapa Dodoma, ila sasa anatembea akishika ukuta.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu zangu hupokei, na ujumbe unausoma halafu unanyamaza. Karatasi huwezi kuikata kama simu. Naituma kwa basi pamoja na mlenda mkavu wa wifi, ili ukikataa kuifungua wewe, aifungue yeye.

Kaka, nina hasira. Sijui niziite za nani, maana ziko za kwako, ziko za kanisa, ziko za wasomi, na nyingine ni zangu mwenyewe. Nitazisema zote, nawe utazisoma umekaa.

Mwaka jana Agosti nilimpeleka Anna hospitali. Tulikutana na daktari mmoja anaitwa Shakila, yeye na wenzake wanafanya utafiti wa magonjwa ya mwendo yanayoandama familia. Hakumuuliza Anna anakunywa nini. Alimwambia aguse pua yake, kisha aguse kidole cha daktari, halafu pua tena. Mkono wa Anna ukawa unakwenda pembeni. Akauliza kama kuna mwingine nyumbani aliyekuwa hivyo. Nikasema mama. Nilimtaja mama, nikamtaja na babu, baba yake, aliyeanguka kisimani, hadithi ambayo tulikuwa tunaicheka. Wakachukua damu ya Anna na yangu.

Majibu yalikuja mwezi uliopita. Jina la ugonjwa ni refu, nimelinakili kwenye karatasi ya pili iliyomo humu kwenye bahasha. Daktari alitueleza kwamba katika vinasaba vya kila mtu kuna mahali ambapo herufi tatu zinajirudiarudia, na hilo si kosa. Ila kwetu sisi zimejirudia kupita kiasi. Nikamwambia, daktari, hiyo ni kama mpiga ngoma ya muheme aliyenasa kwenye mapigo matatu, anayarudia tu na wimbo hausogei. Akacheka, akasema atauazima mfano huo awafundishie wanafunzi wake. Basi kidogo kidogo, kwa miaka, sehemu ya nyuma ya ubongo inayoshika mwendo inachakaa. Mtu anayumba. Ulimi unakuwa mzito. Anapaliwa na maji. Bila tone la pombe, kaka. Bila hata tone.

Nilipokwisha kutaja muheme nikamkumbuka mama. Unakumbuka ngoma ndicho kitu cha kwanza kilichomtoka mama? Yeye aliyekuwa akiongoza wanawake wote wa kule kwetu, wakamtoa ngoma magotini kwenye harusi ya binamu Ernest kwa sababu alikuwa anawapoteza wenzake. Walisema amelewa. Alirudi nyumbani akakaa jikoni, akawa anaipigapiga sufuria kwa vidole, anatafuta pigo lake. Halikurudi.

Nakiri, kosa lenyewe lilikuwa rahisi kulifanya. Mama alikuwa kibarua wa zabibu. Anarudi mikono imeshika rangi, khanga inanuka zabibu zilizopondeka, miguu inakwenda upogo. Sisi watu wa Dodoma tukiona hivyo tunajua jibu kabla ya swali. Hata mimi nilijua. Msimu mmoja nilimfuata shambani, nikajifanya nimekuja kumsaidia, kumbe nataka nione chupa anaificha wapi. Sikuiona. Nikajiambia, mama huyu anajua kuficha! Hasira nilizo nazo juu yangu mwenyewe kwa siku hiyo, usinisaidie kuzibeba, ni zangu.

Lakini wewe, Yotham, ulikuwa karani wa baraza la wazee wa kanisa. Wewe ulisimama mlangoni Jumapili, ukainama kama unamwamkia, ukamnusa mdomo. Mbele za watu! Jumapili tatu mfululizo ulimnusa, na najua hukusikia chochote, kwa sababu hapakuwa na cha kusikia. Hata hivyo uliandika.

Nimekwenda kanisani na karatasi za daktari. Mchungaji wa sasa, Methodi, ni kijana mwenye utu. Alinitafutia kitabu cha kumbukumbu cha zamani kabatini, tukafunua mpaka tukafika. Mwandiko wako ule mzuri, ulionyooka, tuliokuwa tunachapwa shuleni kwa kushindwa kuuiga. Umeandika: “Mama Yotham amethibitika kuwa mlevi. Anatengwa na Meza ya Bwana. Shahidi: Yotham, mwanawe.” Nimeusoma mstari huo mara nyingi. Mama hakuandikwa hata kwa jina lake la Ruthu. Aliandikwa kwa jina lako, na kwa jina hilohilo akashtakiwa.

Miaka tisa alikaa benchi la nyuma. Wenzake wakienda kushiriki, yeye anakunja mikono ili isiruke. Alipofariki, kengele haikupigwa, mchungaji hakuja kaburini. Tulimfukia kimya, kwaya yake mwenyewe ikiwa imesimama ng'ambo ya barabara. Wewe ulisema sheria ni sheria.

Sasa nije kwa wasomi, maana nao hawatoki salama. Daktari Shakila alituambia magonjwa ya jamii hii vinasaba vyake vilianza kujulikana zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Thelathini! Wakati mama anatolewa ngoma magotini, tayari kulikuwa na vitabu. Ila vitabu hivyo vilitungwa kwa damu za watu wa mbali, na huku kwetu ndiyo kwanza wanaanza kuuliza. Nilimwambia daktari mmechelewa. Hakujitetea. Alisema ni kweli, wamechelewa. Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, nikakosa mtu wa kubishana naye, nikarudi nyumbani nikawagombeza kuku.

Utauliza damu yangu imesema nini. Anna anao. Mimi sina. Usinipongeze. Anna ndiye aliyenishika bega nikilia, na mkono wake ukitetemeka begani kwangu.

Sasa wewe. Wifi ameniambia yote, na usimgombeze, maana hakuwa na mwingine wa kumwambia. Vikombe vinakuponyoka. Umeanguka ngazi za kanisa. Unasema ni presha, mara unasema ni dawa za shambani. Kalamu huishiki tena, fomu zote anajaza yeye. Na ameniambia kwamba wazee wa kanisa huko siku hizi wakikusalimia wanasogea karibu mno. Wanakunusa, kaka.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nilipoambiwa hivyo nilicheka, Mungu anisamehe. Nilicheka kwa sauti. Kisha nikashindwa kula, kwa sababu nilikuona jinsi ulivyo, mtu usiyewahi hata kuonja togwa iliyolala ikachacha, umesimama mlangoni huna la kujitetea. Na mama alisimama hivyohivyo.

Ninachotaka ni kimoja. Baraza limekubali kuufuta ule mstari, kumrudisha mama katika hesabu ya washirika, na kufanya ibada kaburini, kengele ipigwe. Lakini utaratibu wao haujabadilika: ushuhuda hufutwa na aliyeutoa, mwenyewe, mbele ya baraza. Ushuhuda wangu hauhesabiki. Wa Anna nao hauhesabiki. Karatasi ya daktari nayo wanasema ni nzuri, ila si shahidi. Wamepanga Jumamosi tarehe 12 Aprili, kesho yake ni Jumapili ya Matawi. Usipokuja, mstari unabaki, na mama anabaki mlevi kwa mkono wako.

Usiniambie huwezi kuandika. Dole gumba litatosha.

Daktari naye atakuona Alhamisi ya wiki hiyo ukitaka. Kupimwa damu hakuna anayelazimishwa. Dawa ya kuuondoa hakuna, sitakudanganya, ila kuna mazoezi, kuna fimbo ya kutembelea, na kuna namna ya kula bila kupaliwa. Kila mtoto wa mwenye ugonjwa huu ana nusu ya kuupata na nusu ya kuukosa. Watoto wako ni wakubwa, waeleze, kisha kupima au kutopima waamue wenyewe. Usiwafiche kama tulivyofichwa na ujinga wetu.

Nisalimie wifi Angelina, mwambie mlenda auloweke kidogo kwanza. Nisalimie Luka na Violeth, shangazi anawakumbuka. Binamu Ernest anakusalimu. Mungu aliyemjua mama alipokuwa hajulikani na mtu akulinde njiani, aishike miguu yako.

Panda treni. Wifi ataniambia siku, nami nitakuwa stesheni tangu asubuhi. Ukishuka utayumba, na watu watakutazama, na wengine watasema wanayoyajua. Waache. Nitakushika mkono mbele yao wote, na sitakunusa.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye pamoja na hasira zangu,
Dorkasi