Kwa Ajoba Kwansema, Aliyewasagia Watoto wa Mankessim Dawa

Mwaka umezunguka, Kwansema, tangu tukulaze kando ya baba yako, na mwaka wote huo kuna neno moja lililokataa kulala nawe.

Lilianzia sokoni, kwenye foleni ya kenke, madonge ya mahindi yaliyochachuka, kabla hata hatujaanua tanga. Mama yako Egyirba alikuwa amejifunga kitambaa cheusi mpaka kwenye nyusi, na wanawake wawili waliokuwa mbele yake hawakumtambua.

"Si yule binti wa Egyirba, mchanganya dawa? Dawa yake ilimlaza mjukuu wa Nana Otuwa kama gogo, wakamkimbiza hospitali."

"Ndiyo maana na yeye kaenda. Mungu hakopeshi, mwenzangu. Nichukue kenke tatu au nne?"

"Chukua nne. Wageni wa msiba hawajui kushiba."

Mama yako alirudi nyumbani mikono mitupu. Tulipomuuliza, akasema kenke zimeisha.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja, na methali hiyo ilimkwama mama yako kooni kama mwiba wa samaki. Maana alijua jambo ambalo wale wanawake hawakulijua. Wiki uliyochanganya dawa ya yule mtoto, selimundu, ugonjwa wa damu uliozaliwa nao, ilikuwa imekushika mikono, vidole vimevimba, na bado ulikwenda kazini. Akawa anajiuliza kitandani: je, mkono uliteleza? Je, mwanangu alizidisha vidonge? Hakuthubutu kumwambia mtu. Akaacha kwenda kwenye chama cha akina mama kanisani, akisema mguu unamuuma.

Sisi tunakukumbuka ulivyokuwa mdogo, Kwansema. Vidonge vyako vilikuwa vichungu, ukivificha shavuni na kuvitema nyuma ya nyumba, hadi baba yako akasema kuku wetu ndio wenye afya kuliko mtaa mzima. Siku uliyofumaniwa ulilia, ukasema, "Nikikua nitavifanya viwe maji matamu." Tukacheka. Nawe ukakua, ukavifanya.

Tulipenda kukuona katika kile chumba cha nyuma cha duka la dawa, mbele ya kinu chako cheupe cha kaure. Vidonge vilitengenezwa kwa ajili ya watu wazima. Wewe ulivisaga vikawa unga, ukatia shira tone kwa tone. Mama yako alikuwa akijisifu kwa majirani kwamba hilo ulilijua jikoni kwake: ukitaka uji wa mahindi usiwe na madonge, unakoroga unga kwanza kwa maji kidogo, ndipo unaongeza mengine. Ulipomaliza, ulisuuza kinu kwa shira ileile na kuimimina chupani, kisha ukasuuza tena.

Mdogo wako Kwamena alikuwa akikutania. "Dada, unaosha hicho kinu kama mtu aliyekula nyama ya wizi."

"Nyamaza wewe. Kinachobaki kinuni ndicho kitakachomkosa mtoto."

Kwenye kila chupa ulichora mkono unaoitikisa, kwa ajili ya wasiojua kusoma. Na bado uliwaambia kwa mdomo: "Tikisa, mama, kama unamwamsha mume Jumapili asubuhi!" Walitoka dukani wakicheka, wagonjwa wao mgongoni.

Sasa tukueleze yaliyotokea, maana uliondoka bila kujua.

Saaba, yule mjukuu wa Nana Otuwa mwenye kifafa, alizinduka kwenye usingizi ule na kurudishwa nyumbani. Madaktari wakasema dawa ni ileile, aendelee nayo. Chupa mpya ikachanganywa na Bwana Arkorful, mfamasia uliyekuwa ukifanya naye kazi. Baada ya siku chache tukasikia Saaba ameanguka tena, safari hii karibu na mafiga, nusura aungue. Sokoni wakasema, "Hicho chumba chenyewe kina laana ya yule binti."

Hapo mama yako akaamka. Wewe uko kaburini, dawa imechanganywa na mkono mwingine, na mtoto anaendelea kuanguka! Alifunga kenke kwenye kitambaa, akaenda kwa Nana Otuwa.

"Karibu," Nana alisema bila kuinuka. "Umekuja kuniomba radhi au kunigombeza?"

"Nimekuja na kenke, Nana."

"Kenke haina ugomvi na mtu. Kaa."

Wakala. Ulipofika wakati wa dawa, Nana aliichukua chupa, akaitikisa kwa mikono miwili mpaka kilemba kikamteleza. Mama yako moyoni akashukuru: kumbe anatikisa! Kisha Nana akaiweka chupa dirishani, akarudi kukaa.

"Nana, mbona humpi?"

"Egyirba, mtu mzima wewe, hujawahi kupika dawa ya majani? Unakoroga, unaacha itulie, unampa mtoto ile safi ya juu. Mashapo yanakata tumbo."

"Na hayo mashapo unayamwaga?"

"Nimwage dawa ya hospitali? Nina wazimu? Chupa ikikaribia kwisha namkorogea yote, anamalizia."

Mama yako aliinyanyua chupa kwenye mwanga. Juu ilikuwa angavu kama chai isiyo na maziwa. Chini kulikuwa na tabaka jeupe kama chokaa. Akaona mikono yako, Kwansema, vidole vimevimba, ikizungusha mchi.

"Nana, hiki cheupe unachokiogopa ndicho vidonge vilivyosagwa. Ndiyo dawa yenyewe. Hapa juu ni sukari na maji."

Nana Otuwa alitazama chupa, akamtazama Saaba. "Lakini aliniambia nitikise. Nimetikisa! Mpaka bega linaniuma."

"Umetikisa, Nana. Hukukaidi."

"Basi ni mimi niliyemlaza mjukuu wangu." Akaanza kulia kwa sauti ndogo, kama watu wazima wanavyolia wakiogopa kusikiwa na mtoto.

Mama yako alimshika. "Hakuna mama hapa Mankessim asiyeacha majani yatulie. Hata mimi ningefanya hivyo, kama nisingemzaa mtoto wa kinu."

Siku hiyohiyo walikwenda kwa Bwana Arkorful, Saaba akiwa mgongoni kwa mama yako. Mfamasia alisikiliza, akavua miwani. Akasema vijiko vya mwanzo vilikuwa vitupu, ndiyo maana mtoto alianguka. Vile vya mwisho vilibeba nguvu ya chupa nzima, ndiyo maana alilala. "Kwansema hakukosea kipimo. Nilikuwepo. Ila sote tulisema tikisa, hatukusema mpe papo hapo." Sasa analisema kwa kila mzazi.

Mama yako alilala usiku ule, Kwansema. Alilala mpaka jua likamkuta.

Na Nana Otuwa? Hakungoja kuombwa. Alikwenda mwenyewe kwenye foleni ya kenke, akasimama katikati na fimbo yake: "Midomo iliyomla binti wa Egyirba, njooni mnile mimi. Nyama yangu ni kidogo, tena ngumu!" Ndiye aliyesema jina lake liandikwe hapa, ili mwenzake asione haya kuuliza.

Saaba anakwenda shule. Anapotikisiwa dawa yake, anacheza kwa kufuata mlio wa chupa.

Tunaokukumbuka ni mama yako Aba Egyirba, mdogo wako Kwamena, shangazi yako Ewurabena, wajomba zako wa Saltpond, wenzako wa dukani, na sasa pia Nana Otuwa na Saaba, maana wameshakuwa ndugu. Kila chupa itakayotikiswa katika nyumba zetu itatukumbusha wewe, siku zote za maisha yetu.

Nawe mama unayesoma, mwenye mtoto anayekunywa dawa ya chupa, mama yake Kwansema anakuomba uyaepuke haya:

Usiiache dawa ya kutikiswa itulie. Tikisa, pima, mpe hapo hapo.

Usimpe mtoto ya juu peke yake, wala usimmalizie mashapo.

Usipime kwa kijiko cha jikoni. Tumia kipimo ulichopewa.

Usiongeze maji ili ifike mwisho wa mwezi.

Usiihamishie kwenye chupa nyingine, hata kama ile ya kwanza ni nzuri kwa mafuta.

Usimpe mtoto wa jirani iliyobaki.

Usikatize dawa ya kifafa kwa sababu ya maneno ya watu. Rudi kwa aliyekupa, uulize.

Usimseme marehemu kwenye foleni. Huenda mama yake amesimama nyuma yako.