Chui wa Ukurasa wa Tisa

Baba, shikamoo.

Habari za huko siulizi, maana hukuwa mtu wa kujibu barua hata ulipokuwa hai. Nilipokuwa shule ya bweni nilikuandikia kurasa tatu, ukanirudishia mistari miwili na kinyonga uliyemchora kwa kalamu ya wino. Kwa hiyo naandika nikiujua utaratibu wako.

Za hapa Mbinga ni hizi. Mwaka umetimia, misa imesomwa Jumamosi, watu wamekula na kuondoka. Mibuni ya upande wa kaburi lako imechanua kuliko ile ya bondeni, na Mama anasema bado unaisimamia, bwana shamba hastaafu. Pikapu imekaa juu ya matofali, kuku wanataga kwenye kiti chako. Kaka Deo amekuja kutoka Kanada na koti ambalo halivui hata saa saba mchana. Mjukuu wako Editha amefikisha miaka minane na hakuna anayemweza kwa maswali. Mimi nipo, duka la pembejeo linakwenda, na bado nikipata tatizo la kutu ya majani nainuka nije kukuuliza. Nafika mlangoni ndipo nakumbuka.

Lakini sikukaa chini kukuandikia habari za kuku. Kuna jambo la daftari, na Deo alitaka jibu kabla hajaondoka Jumapili hii.

Daftari ni lile la jalada gumu, uliloliandika kwa herufi kubwa WANYAMA WA DUNIA. Kila safari ya familia lilikaa mbele ya usukani. Mnyama wa porini tuliyekutana naye aliandikwa humo, na pembeni majina ya walioona. Sheria yako ilikuwa moja: haandikwi mpaka waone wawili. Mtu akipiga kelele kwamba kaona kitu, wewe uliuliza tu, "Nani mwingine kaona?" Kama hakuna, safari inaendelea. Deo alinuna kutoka Makambako hadi Njombe kwa sababu ya mbweha aliyemwona peke yake.

Wiki hii nimelisoma lote. Kiboko wa Malawi yumo, yule aliyelala nyuma ya nyumba ya shangazi yake Mama, tukashindwa kwenda chooni mpaka jua lilipokuwa kali. Nyani wa Zambia yumo, aliyeingiza mkono dirishani akachukua mkate mzima mapajani mwa Mama. Pembeni umeandika: "Walioona: wote. Aliyelia: Mama." Na baada yako kuna mmoja ameongezeka. Mama alikwenda kwa Deo Kanada, wakaona dubu anapekua pipa la taka. Mama bado hajamsamehe yule dubu. Anasema mnyama mkubwa kiasi kile, mwenye makucha yake, anakula maganda ya viazi.

Ukurasa wa tisa umeandikwa: "Chui. Mikumi. Walioona: Baba na Oliva."

Unaikumbuka safari. Tulikuwa tunarudi kutoka Morogoro kwenye harusi, mimi nina miaka saba. Wakati wa kwenda nililala hifadhi nzima. Wenzangu wakaona tembo, twiga na nyati kando ya barabara, mimi nimefunikwa kanga. Wakati wa kurudi nikakaa macho tangu alfajiri, na ilikuwa saa sita, jua kali, kila mnyama amejificha kivulini. Deo akanihesabia wanyama wake kwa vidole. Alipoanza vidole vya miguuni nikashindwa. Nikanyoosha mkono kwenye mti uliokuwa mbali, nikasema, "Baba, chui."

Hapakuwa na chui, Baba. Ulikuwa ni mti tu.

Ulipunguza mwendo. Deo akasema mwongo huyo. Na wewe, badala ya kuuliza swali lako, ukasema kwa sauti ile ile ya kutaja bei ya mbolea, "Nimemwona. Mkia ule pale." Tulipofika Ruaha Mbuyuni, Mama ananunua vitunguu, ukaandika.

Tangu siku hiyo ukaniita Shahidi. Kwenye kipaimara changu ulisimulia chui. Kwenye sendofu yangu ulisimulia chui, wakwe wakapiga makofi. Nami kila mara nilitazama chini, watu wakadhani ni haya tu. Miaka yote nilijisemea kwamba nilidanganya, ila kwa bahati palikuwa na chui kweli na wewe ukamwona. Nilijipa moyo hivyo, kwa sababu wewe hukuwa mtu wa kusema uongo. Ulipotoka mafunzoni India ulitusimulia tembo watatu waliopita katikati ya mibuni bila kuvunja tawi. Ulisimama hapo sebuleni ukatuonyesha walivyoinua miguu. Deo akauliza, "Nani mwingine kaona?" Ukacheka, ukafunga daftari. Tembo wako hawakuandikwa mpaka unakufa.

Basi Jumapili iliyopita, siku moja baada ya misa ya mwaka, Deo akasema daftari atakwenda nalo yeye kama mkubwa, alipige picha kila ukurasa, watoto wake wajue. Nikaona nikinyamaza tena ndiyo basi, uongo wangu unapanda ndege. Nikasema, "Deo, ukurasa wa tisa si kweli. Mimi sikuona chui."

Deo akasema, "Lakini Baba alimwona."

Mama alikuwa anachambua maharage. Hakuinua hata kichwa. "Baba yenu hakuona kitu. Alikuwa anaangalia lori. Aliniambia usiku ule ule, nimesema nimemwona, mtoto alikuwa analia."

Baba, mimi sikumbuki kwamba nilikuwa nalia.

Deo akatoa kalamu. Unamjua, ndiye aliyerithi sheria zako bila kurithi kucheka kwako. Akasema kitu ambacho hakuna aliyekiona kinafutwa, hata Baba mwenyewe angekifuta, na kwamba yeye mbweha wake alinyimwa kihalali. Mimi nikasema usiguse. Akaniuliza kwa nini. Nilikuwa na hasira, na sikujua ni kwake au kwako. Miaka thelathini unaniita Shahidi na unajua. Mama akasema, "Daftari ni la baba yenu, muulizeni yeye." Akaendelea na maharage yake.

Juzi Jumatano nikateremka ziwani na Editha, Kihagara, kupeleka dawa ya mahindi kwa mteja. Tukalala huko. Asubuhi tukakaa kwenye mawe, kina mama wanaosha vyombo, mitumbwi inaingia na dagaa. Mimi kichwani ninaye Deo tu na kalamu yake. Editha akasema, "Mama, fisi maji."

Nikatazama ziwa. Nikaona maji. Nikamwona Editha ananisubiri, kwa uso ule ambao naujua kwa ndani ingawa sijawahi kuuona kwa nje. Neno likatoka lenyewe, sikulipanga.

"Nimemwona," nikasema.

Editha akaniangalia. "Mama, unaangalia mtumbwi."

Akanishika kidevu kwa mkono wake wenye maji, akanigeuza uso kushoto, kwenye jiwe lililopasuka. Alikuwepo, Baba. Kichwa kimelowa, masharubu, samaki mdomoni bado anajipigapiga. Alitafuna mara mbili tatu, akatutazama, akaingia majini kama mtu anayeondoka kwenye mkutano uliomchosha. Editha akasema, "Sasa ndiyo umemwona."

Nikalia pale pale mbele ya wenye vyombo vyao. Mama mmoja akaniuliza kuna nini, nikasema jua. Hasira yangu kwako iliishia hapo. Nilikuwa nimelisema neno lako mwenyewe, kwa haraka ile ile, na najua kwamba wakati unalitoa hufikirii sheria wala daftari. Unaangalia uso wa mtoto tu.

Jana jioni nimemwambia Deo. Nimemwambia chui abaki, kwa sababu ukurasa ule una jambo moja ambalo tumeliona wote wawili, nalo ni Baba kuivunja sheria yake. Alijikunyata ndani ya koti lake. Kisha akasema, "Basi mbweha wangu naye aandikwe." Nikamwambia aandike. Mama akasema yeye alimwona yule mbweha, sema hakuna aliyemuuliza. Sijui kama ni kweli, na Deo hakutaka kujua. Aliandika hapo hapo.

Fisi maji yumo sasa, Editha kaandika mwenyewe kwa herufi kubwa kuliko zako. Na chini yake nimepiga mstari nikaandika hivi: "Tembo watatu. India, katikati ya mibuni. Hawakuvunja tawi. Walioona: Baba na Oliva."

Deo alisoma. Nikasubiri aulize. Hakuuliza.

Daftari analo yeye, anaondoka nalo keshokutwa, nakala itabaki kwangu. Mimi nakuahidi kitu kimoja: Editha akininyooshea kidole, nitatazama mpaka nimwone huyo mnyama. Nikishindwa kabisa, nitafanya kama ulivyofanya.

Pumzika, Baba. Mibuni tutaipalilia wiki ijayo.

Ni mimi,
Shahidi wako,
Oliva