Sauti Iliyokuja na Meno

Ilemela, Mwanza

Kaka yangu Malimi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tabora, wewe na wifi Dorcas na wajukuu, na kwamba goti lako limepungua kuuma. Sisi huku tuna uzima. Baba anakula vizuri, ila macho ndiyo hayaoni tena kabisa. Nakuandikia kwa sababu nilipokupigia simu uliniuliza mimi ni nani, nami nilipojibu ukakata. Sikukasirika. Nataka tu ujue yaliyotokea.

Unajua nilivyohangaika na yale meno ya bandia ya chini. Yaliteleza nikicheka, yakanitoka kanisani mbele ya kwaya, hadi nikaacha kula mbele za watu. Ndipo daktari mmoja wa meno hapa mjini akanieleza kwamba anaweza kupandikiza skrubu ndogo ndani ya mfupa wa taya, na meno yakashikwa juu yake yasicheze tena. Siku ya kupandikiza sikuumia, ganzi ilishika. Lakini mlio wa ile mashine, kaka, huusikii kwa masikio. Unausikia ndani ya kichwa, kama mtu anayegonga mlango akiwa upande wa ndani. Baadaye nikakaa miezi kwa uji na ndizi za kuponda, nikingoja mfupa uzishike zile skrubu.

Meno yalipofungwa nilinunua muhindi wa kuchoma nikautafuna nikiwa nimesimama barabarani, huku machozi yananitoka. Shida ilikuwa moja tu. Kila neno lenye s lilitoka na mluzi mwembamba. Daktari akasema ni kawaida, ulimi unajifunza. Mluzi usipoisha nirudi, atayasugua meno kidogo kwa nyuma.

Jioni ile nilimwambia baba supu ya samaki sato iko tayari. Akaweka fimbo chini, akatega sikio. Kesho yake akaomba koti lake la sherehe, na tangu hapo analivaa kila asubuhi. Nikipita kimya ananitambua kwa hatua, ananiita Sabina. Nikitamka neno anainama na kuninong'oneza: "Sema taratibu, Tereza. Sabina yuko jikoni, atakusikia."

Mimi mama simkumbuki, aliondoka nikiwa bado nanyonya. Wewe ulikuwa umeshaanza shule. Nadhani ndiyo maana kwenye simu uliijua sauti ile kabla yangu.

Nilimweleza baba mara nyingi kwamba ni mimi. Anatikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayemvumilia mgonjwa. Mwisho nikajikuta natembea kwa kunyata ndani ya nyumba yangu mwenyewe, kana kwamba kweli kuna mwanamke mwingine ambaye sitaki kukutana naye. Siku hizi anataka nitenge vikombe vitatu vya chai, chake, changu na cha Tereza. Nakunywa changu naondoka, na nikirudi kuondoa vyombo nakuta vyote vitatu ni vitupu, naomba Mungu iwe ni yeye anayekinywa kile cha tatu.

Jumapili iliyopita, alasiri, mvua ilikuwa inapiga bati tusisikilizane. Baba akaniambia niketi karibu. Akanishika kidevu, akapapasa mdomo wangu kwa kidole gumba, akasema, "Lile jino nililokuvunja, Tereza, hewa bado inapitia palepale."

Kisha akaeleza yote kama mtu anayemkumbusha mwenzake. Kaka, mama hakufa kwa homa kama tulivyoambiwa. Baba alimpiga ngumi, jino la mbele likavunjika. Mama akakaa nyumbani msimu mzima wa pamba akiongea kwa mluzi, halafu akaondoka na wachuuzi wa samaki, akavuka kwenda kwao Ukerewe. Baba aliona aibu kusema ameachwa. Yeye na marehemu baba mkubwa wakalaza mgomba ndani ya jeneza, wakalipigilia misumari, wakawaambia watu kwamba ugonjwa ule hauruhusu kufungua. Watu wa kwao mama hawakuja kuzika. Sasa najua kwa nini. Lile kaburi la Kisesa unalotaka kulijengea kwa vigae, ndani yake umelala mgomba.

Akaniuliza kama nimemsamehe. Nilifungua mdomo nimwambie, baba, mimi ni Sabina, mwanao. Nikasikia sauti ikisema, "Sijakusamehe bado, Mashimba."

Maneno hayo sikuyapanga. Wala tangu nizaliwe sijawahi kumwita baba kwa jina lake. Alilia, akanishukuru kwa kurudi.

Daktari amenipigia niende aondoe mluzi, anasema ni kazi ndogo. Sijaenda. Nakuomba usipeleke mafundi Kisesa kwanza. Wiki ijayo jirani yangu Gladness atakaa na baba, nami nitapanda meli ya Nansio, nivuke hadi Ukerewe. Kama mama yu hai ni kikongwe sana, na sura yake siijui. Nitapita sokoni na kwenye mialo ya wavuvi nikisalimia watu kwa sauti hii hii, nione ni nani atakayegeuka.

Mpe wifi salamu zangu, na wajukuu uwashike kichwa kwa niaba yangu. Baba anawasalimu nyote. Mungu akutunze hadi tutakapoonana.

Ni mimi mdogo wako,
Sabina