Chipu Niliyoichagua kwa Bisibisi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti halikusumbui tena ukipanda ngazi za karakana. Mimi sijambo kabisa. Nimenenepa kidogo, na mkwe wako anasema ni majivuno.

Majivuno yenyewe yana sababu. Kiwanda chetu cha vigae kinabadilisha mitambo. Mota kumi na mbili zitasukuma mkanda mmoja, na kila moja itakuwa na chipu yake, kitu kidogo kuliko ukucha, cha kuiendesha na papo hapo kupiga soga na wenzake kwenye mtandao ili wote waende hatua moja. Mmoja akichelewa, vigae vinagongana na kuwa kokoto. Kazi ya kuichagua nilipewa mimi, mgeni wa miezi minne niliyekuwa bado kwenye majaribio. Mhandisi mkuu aliniambia waziwazi kwamba nikikosea nifungashe virago.

Zilibaki chipu mbili mezani. Mhandisi mkuu aliipenda ile yenye mbio, na kwenye karatasi hata mimi niliipenda. Tuliijaribu mbele ya wakubwa. Skrini ilionyesha mambo shwari, wakaanza kupeana mikono. Mimi, kwa mazoea tu, nilichomoa bisibisi mfukoni, nikaegemeza ncha kwenye mota na mpini sikioni. Wakacheka. Fundi umeme aliuliza mota ina mimba ya miezi mingapi.

Mama, mota ilikuwa na kwikwi. Kila mara chipu ilipopokea ujumbe iliisahau mota kidogo, kama mtu anayekoroga sufuria huku akijibu simu. Skrini ilituonyesha wastani tu, ndiyo maana hatukuona kitu. Nilisema pale pale kwamba haifai. Mhandisi mkuu alikunja uso, akasema sikio si kipimo. Nikaomba nusu saa, nikafunga kipimo cha mawimbi ya umeme, na kwikwi zikajitokeza, moja kwa kila ujumbe. Tukaweka ile ya pili, yenye mbio ndogo lakini bongo mbili, mmoja wa mota na mwingine wa maneno. Mota ikanguruma bila kukatika. Ndiyo iliyochaguliwa, na mimi nimeajiriwa rasmi.

Sasa lililonikaa kooni. Mhandisi mkuu aliniuliza mbele ya wote ni chuo gani kinachofundisha kusikiliza kwa bisibisi. Swali hilo lilinichoma, kwa sababu kwenye fomu ya kuomba kazi, palipotaka kazi ya mzazi, nilikuandika muuza vitambaa. Niliona aibu kusema kwamba mama yangu anasuka upya nyaya za mota zilizoungua na kucha zake zina vanishi ya kupakia nyaya hizo. Mikono iliyonilipia chuo niliificha kama mali ya wizi. Nisamehe, Mama. Niliwaambia kweli yote, kwamba chuo cha bisibisi ni karakana yako, nikaiomba ile fomu na kuisahihisha mbele yao.

Mkanda unawashwa Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao. Nimeambiwa nichague mtu wa kubonyeza kitufe, nami nimekwishampa mlinzi wa geti jina lako.

Msalimie dada na mafundi wako wote. Na tafadhali, siku hiyo usizisugue kucha.

Ni mimi mwanao,
Bwana Maswali, kama ulivyozoea kuniita