Mbuzi Asiyepakwa Dawa

Salaam aleikum, Halima mjukuu wangu. Hapa Wabera tuko wazima, na dadako amejifungua msichana.

Umeuliza, kati ya zile dawa mbili, ni gani imepunguza mlio katika haya masikio yangu mazito. Sijui, mama. Nilimeza zote pamoja.

Kosa hilo nililifanya hata nikiwa msichana. Mbuzi wetu walishikwa na upele. Mjomba akasema majivu, nyanyangu akasema mafuta ya ngamia. Nikawapaka yote mawili. Walipopona, baba akauliza, "Ni dawa gani imewaponya?" Akaniletea mbuzi mmoja niliyemsahau kwa jirani, hajapakwa chochote. Naye alikuwa amepona.

Kwa hivyo mkilinganisha dawa huko chuoni, nitawaamini. Lakini kwanza mnionyeshe yule mbuzi wa jirani.

Nyanya yako