Losheni ya Magoti ya Mama

Wifi,

Losheni nimeimimina kwenye trei ya barafu, iko ndani ya friji. Usiiguse kabla ya saa nne, haijaganda vizuri. Kumkanda Mama kipande kimoja kinatosha. Usikipashe motoni, joto la viganja litakiyeyusha. Na sufuria yenye nta usiioshee kwenye sinki, tutaziba bomba.

~~Vipande vingine ni vyangu, usivichukue.~~ Haya, chukua viwili.

Najua umeniona nimenuna asubuhi. Nta na siagi ya kakao nimepima mimi, kidole nimeungua mimi. Nikampelekea Mama kipande cha majaribio. Akakinusa, akasema, "Kizuri, mwanangu. Sasa niitie mke wa kaka yako anikande."

Nami nimesimama pale pale na mikono yangu miwili!

Nikamuuliza, "Kwani yangu ina miiba?"

Akacheka. "Wewe unanikanda kama unga wa chapati, jicho kwenye saa. Mwenzako anakaa, tunaongea."

Nikakuonea wivu. Miaka yote hii magoti yale nimeyakanda mimi, wewe umekuja juzi tu. Ndiyo maana nilibamiza mlango, na salamu yako sikuiitikia. Nisamehe kwa hilo la salamu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Mama hakusema uongo.

Leo mkande wewe. Kesho siendi kazini, kwa hiyo magoti niachie mimi, wewe chukua mgongo. Nitakaa mpaka anifukuze mwenyewe.

Wifi yako